Namna ya Kuomba Kumbukumbu za Serikali Kuhusu Utekelezaji wa Adhabu ya Kifo: Mwongozo Kamili kwa Wakazi wa Mbeya, Iringa na Nyanda za Juu Kusini

Barua nyingi za kuomba taarifa za adhabu ya kifo zinazotoka huku kwetu hufia njiani kwa namna ileile. Mtu anaandika "naomba taarifa zote kuhusu watu walionyongwa Tanzania", anaipeleka getini gerezani au ofisi ya mkoa, anaambiwa "iache hapo", anarudi nyumbani. Miezi inapita. Jibu hana, nakala hana, hata jina la aliyeipokea hana.

Wanaojaribu si wachokozi. Ni ndugu wa mfungwa kutoka Rungwe, mwanafunzi wa sheria Iringa, mtangazaji wa redio Njombe, na mara nyingine familia ya marehemu aliyeuawa inayotaka kujua hukumu iliishia wapi. Wote wana haki ya kuuliza. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutafuta na kupokea taarifa, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya 2016, inaeleza namna ya kuitumia haki hiyo Tanzania Bara.

Kinachowaangusha ni kudhani kumbukumbu hizi zimekaa kabati moja. Mtu mmoja akihukumiwa kunyongwa, karatasi zake husambaa Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufani, Ikulu, Magereza na wizarani. Omba karatasi moja kwa jina lake, kwenye ofisi inayoishika.

## Vitu vya kuandaa kabla hujaandika chochote

- Kitambulisho cha taifa cha NIDA au namba yake, na nakala. Haki ya kuomba kwa sheria hii ni ya raia, kwa hiyo ofisi ikikuuliza uraia wako haijakuonea.
- Nakala ya Sheria Na. 6 ya 2016 pamoja na Kanuni zake za 2017. Fomu ya maombi imo kwenye jedwali la Kanuni hizo.
- Kama unafuatilia kesi moja: jina kamili la mshtakiwa kama lilivyoandikwa mahakamani, wilaya, mwaka, na namba ya kesi kama unayo.
- Daftari la kuandikia tarehe. Usitegemee kichwa.
- Hela kidogo ya kuchapa, kutoa nakala na kutuma posta kwa rejista au EMS. Ofisi inaweza kudai gharama za kurudufu. Ikifanya hivyo, lipa kwa namba ya malipo ya serikali na udai stakabadhi. Usimpe mtu fedha mkononi.

Asiyejua kusoma na kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia kuandika, anaweza kuomba kwa mdomo na ofisa taarifa akamwandikia. Mzee wako asiambiwe "rudi na barua".

## Hatua ya 1: Amua unataka karatasi ipi

Hapa ndipo maombi mengi yanapoharibikia, kwa hiyo usiwe na haraka.

Kwa kosa la kuua kwa kukusudia, Kanuni ya Adhabu haimpi jaji nafasi ya kuchagua: adhabu ni kunyongwa hadi kufa. Hukumu hiyo ndiyo karatasi ya kwanza, na iko Mahakama Kuu. Mfungwa akikata rufaa, majaji watatu wa Mahakama ya Rufani huandika hukumu nyingine. Hiyo ni ya pili.

Rufaa ikikataliwa, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka jaji ampelekee Rais kumbukumbu za ushahidi pamoja na ripoti yake aliyoitia saini. Hii ni karatasi ya tatu, na wengi hata hawajui kuwa ipo. Baada ya kuisoma Rais ana njia tatu: kutoa hati ya kifo, kuibadilisha adhabu, au kusamehe. Uamuzi huo ni karatasi ya nne. Rejista za Magereza zinazoonyesha mfungwa alipokelewa lini, alihamishiwa wapi na nini kilimpata ni za tano. Kisha kuna takwimu, yaani idadi kwa mwaka, jinsia na mkoa, ambazo hazimtaji mtu yeyote.

Chagua moja au mbili. Kama unaanza, nakushauri uanze na takwimu: hazigusi faragha ya mtu wala usalama wa gereza, kwa hiyo ofisi inakuwa na sababu chache za kukunyima.

Hatua hii imekamilika pale unapoweza kuandika unachotaka kwa sentensi moja yenye mwaka wa kuanzia na mwaka wa kuishia. Ukiona sentensi yako ina maneno "zote", "kwa ujumla" au "na mengineyo", ifute.

Onyo kwa ndugu wa mfungwa. Kama rufaa ya mtu wako bado iko hai, usipitie njia hii. Nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi ni haki yake kama mrufani; afuatilie kupitia ofisa wa gereza au wakili wake leo hii. Taarifa ya kusudio la kukata rufaa Mahakama ya Rufani ina siku 30, na maombi ya mapitio ya hukumu ya rufani yana siku 60. Siku hizo hazikusubiri ujibiwe barua ya taarifa.

## Hatua ya 2: Maliza kwanza yaliyo wazi

Usiombe kitu ambacho kimeshatangazwa. Ofisa akiona unaomba hukumu iliyoko mtandaoni, hata ombi lako la msingi halipi uzito.

Hukumu. Tovuti ya TanzLII ina hukumu za Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu, bure, ukiwa na simu na bando. Nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo tafuta kwa jina la mshtakiwa pekee, kisha chuja kwa masjala: Mbeya, Iringa, Songea, Sumbawanga. Jaribu tahajia zaidi ya moja. Majina ya kwetu huandikwa hovyo mahakamani: Mwakyusa leo anaweza kuwa Mwakiusa kesho. Kumbuka pia kwamba kesi za mauaji husikilizwa kwenye vikao vya wilayani, na nyingine husikilizwa na hakimu mkazi aliyepewa mamlaka ya ziada. Usipoiona chini ya Mahakama Kuu, usikate tamaa mapema.

Hukumu ya rufani ndiyo yenye faida zaidi. Huwa inasimulia kesi tangu mwanzo, na inataja namba ya kesi ya chini ambayo utaihitaji ukienda masjala.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha. Wafungwa wa Tanzania waliohukumiwa kifo wamepeleka mashauri mengi pale. Soma shauri la Ally Rajabu na wenzake, lililoamuliwa tarehe 28 Novemba 2019. Mahakama ilisema adhabu ya kifo isiyompa jaji hiari inavunja haki ya kuishi, na kwamba kunyonga ni kinyume cha utu. Muhimu kwako ni kwamba ndani ya hukumu hizi majibu ya Serikali yamefupishwa. Utapata msimamo rasmi ambao pengine ungeuomba kwa barua na kuusubiri muda mrefu.

Bunge. Taarifa rasmi za mijadala, yaani Hansard, ziko kwenye tovuti ya Bunge. Waziri akijibu swali la mbunge kuhusu idadi ya wanaosubiri kunyongwa, jibu hilo ni kumbukumbu ya serikali. Tafuta kwa maneno "adhabu ya kifo" na pia "kunyongwa".

Matangazo ya Ikulu. Tarehe 9 Desemba 2017, Dodoma, Rais Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 61 waliokuwa wamehukumiwa kunyongwa. Tangazo la namna hiyo ni ngazi nzuri ya kupandia. Idadi ikiwa imetangazwa hadharani na Rais mwenyewe, ofisi itapata taabu kukuambia kwamba mgawanyo wake kwa mkoa ni siri.

Ripoti za nje. Serikali hupeleka taarifa Geneva kwenye mapitio ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa. Tanzania ilipitiwa 2011, 2016 na 2021. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu nacho hutoa ripoti kila mwaka.

Ukimaliza, andika ukurasa mmoja: nilichokipata, nilichokikosa. Barua yako itazaliwa kwenye safu ya pili.

## Hatua ya 3: Chagua ofisi

Mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya hawashiki kumbukumbu hizi. Gereza la karibu na kwako linaweza kuwa nazo baadhi, lakini mkuu wa gereza hawezi kutoa takwimu za nchi bila idhini ya juu. Peleka hivi:

- Hukumu isiyoonekana mtandaoni: Naibu Msajili, Mahakama Kuu, masjala iliyosikiliza kesi, Mbeya au Iringa. Hili ni ombi la nakala, lina ada yake ya kimahakama na kwa kawaida huenda haraka kuliko mengine yote.
- Takwimu na rejista za wafungwa: Kamishna Jenerali wa Magereza, Dodoma, nakala kwa Katibu Mkuu, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi.
- Sera, maandalizi ya kubadili sheria, utekelezaji wa hukumu za Arusha: Katibu Mkuu, Wizara ya Katiba na Sheria.
- Idadi ya hati za kifo zilizotiwa saini au adhabu zilizobadilishwa: Ofisi ya Rais, Ikulu. Madaraka ya Rais ya kusamehe yametajwa kwenye Ibara ya 45 ya Katiba.

Barua moja, ofisi moja. Ukichanganya maombi ya Magereza na ya Ikulu kwenye karatasi moja, kila upande utasubiri mwenzake ajibu.

## Hatua ya 4: Andika barua

Jaza fomu ya Kanuni, kisha uiambatanishe na barua fupi. Mfano wa barua kwa Kamishna Jenerali wa Magereza:

> YAH: MAOMBI YA TAARIFA KWA MUJIBU WA SHERIA YA HAKI YA KUPATA TAARIFA, NA. 6 YA 2016
>
> Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Mimi ni raia wa Tanzania, mkazi wa Jiji la Mbeya. Naomba kupatiwa taarifa zifuatazo:
>
> 1. Idadi ya wafungwa waliokuwa wamehukumiwa adhabu ya kifo na wako magerezani tarehe 31 Desemba ya kila mwaka, kuanzia 2015 hadi 2024, kwa jinsia.
> 2. Idadi ya wafungwa ambao rejista za Magereza zinaonyesha kuwa adhabu yao ya kifo ilibadilishwa, kwa kila mwaka katika kipindi hicho.
> 3. Tarehe ya mwisho ambapo adhabu ya kifo ilitekelezwa Tanzania Bara.
>
> Siombi majina ya wafungwa wala ya watumishi. Endapo sehemu ya taarifa hizi inazuiwa kisheria, naomba nipewe iliyobaki, pamoja na sababu kwa maandishi na kifungu kilichotumika. Endapo zinashikiliwa na taasisi nyingine, naomba maombi haya yapelekwe huko na nijulishwe.

Swali la tatu usilione dogo. Vyanzo vinavyoheshimika vinapishana: vingine vinasema mara ya mwisho kunyonga ilikuwa 1994, vingine 1995. Mimi naamini nchi haipaswi kubahatisha mwaka ambao kwa mara ya mwisho ilimuua mtu kwa jina la wananchi wake, na jibu la mstari mmoja lenye muhuri lingemaliza ubishi huu.

Nimeandika "siombi majina" kwa makusudi. Sentensi hiyo inaondoa hoja ya faragha kabla haijatolewa. Kama kweli unahitaji jina moja, tuma ombi lingine, na ueleze uhusiano wako na mtu huyo.

Usieleze sababu ndefu za kuomba. Usihubiri dhidi ya adhabu ya kifo wala kuitetea. Ofisa akihisi anabishana na mwanaharakati, jalada lako litapanda ngazi hadi kwa mtu ambaye hana muda nalo.

Onyo kuhusu vifungu. Toleo la Urekebu la 2023 la sheria zetu lilianza kutumika 1 Julai 2025. Namba ya kifungu uliyoikariri kwenye kitabu cha zamani huenda si ile iliyoko sasa. Taja jina la sheria na jambo lenyewe. Namba iweke pale tu ulipoihakikisha kwenye toleo jipya.

## Hatua ya 5: Fikisha kwa ushahidi

Chapa nakala mbili. Ukienda mwenyewe, usiishie kwa mlinzi wala kwa katibu muhtasi. Uliza masjala iko wapi. Pale dirishani karani atagonga muhuri wa kupokelea kwenye nakala ya kwanza na kuibakiza. Mpe ya pili, umwombe agonge muhuri uleule. Kabla hujaondoka iangalie: tarehe ya muhuri inasomeka? Wino ukiwa hafifu na "3" ikaonekana kama "8", mwombe kwa heshima agonge tena. Tarehe hiyo ndiyo utakayoihesabia siku zako zote.

Omba pia namba ya kumbukumbu ya jalada. Barua isiyo na jalada haina pa kutafutwa.

Toka Mbeya mpaka Dodoma ni safari na gharama, kwa hiyo wengi watatuma kwa posta. Tuma kwa rejista au EMS, tunza risiti, kisha baada ya wiki moja piga simu masjala uulize imesajiliwa kwa namba gani. Barua pepe tuma kama nyongeza, usiitegemee peke yake.

## Hatua ya 6: Hesabu siku

Ofisi ina siku 30 tangu ilipopokea. Ikipokea tarehe 3 Machi, siku ya mwisho ni 2 Aprili. Andika kwenye daftari.

Katikati ya muda unaweza kupiga simu moja ya upole ukiwa na namba ya jalada. Usipige kila siku. Siku ya 31 ikifika kimya, andika barua ya kukumbushia ukiambatanisha nakala yenye muhuri, na anza kuandaa Hatua ya 8.

## Hatua ya 7: Lisome jibu kama wakili angelisoma

Jibu likija, lilinganishe na maswali yako namba kwa namba. Mara nyingi utajibiwa la kwanza, la pili litarukwa, la tatu utaambiwa "liko nje ya uwezo wetu". Usikasirike, na usilichukulie lote kama kukataliwa. Tunza ulichopewa, fuatilia kilichorukwa.

Sheria ina orodha ya taarifa zinazoweza kuzuiwa. Kwenye jambo letu hili zinazotumika zaidi ni nne:

Usalama wa taifa. Unaweza kuzuia ramani ya gereza au utaratibu wa ulinzi. Kwa idadi ya wafungwa, hoja hii ni dhaifu, hasa kama Serikali imeshaitaja idadi hiyo Bungeni au Geneva.

Usalama wa maisha ya mtu. Jina la anayetekeleza kazi ya kunyonga hutalipata, na kwa maoni yangu usiliombe.

Faragha. Inamlinda mfungwa na familia yake. Hailindi takwimu, na ulinzi huo haumhusu ofisa kwa kazi aliyoifanya kama ofisa.

Jambo ambalo halijaamuliwa. Hii ndiyo ngumu. Kama ombi la huruma la mfungwa liko mezani kwa Rais, ripoti ya jaji inaweza kuzuiwa kwa kuwa uamuzi bado. Basi badilisha swali: usiombe yaliyomo kwenye ripoti, omba tarehe iliyopelekwa. Ndugu anayesubiri anaweza asijue kilichoandikwa, lakini akijua tu kwamba jalada la mtoto wake limefika, anapumua.

Onyo zito. Ukikataliwa, usimtafute askari magereza au karani unayefahamiana naye ili akupigie picha jalada. Kutoa taarifa iliyozuiwa ni kosa lenye kifungo cha kati ya miaka mitatu na mitano. Utampotezea mtu kazi na uhuru wake kwa karatasi ambayo huenda ingepatikana kwa barua ya pili.

## Hatua ya 8: Omba mapitio

Una siku 30 tangu upate uamuzi kuomba mkuu wa taasisi aupitie upya. Kichwa kiwe "Maombi ya mapitio ya uamuzi". Ambatanisha barua ya kwanza yenye muhuri, jibu ulilopewa, na hoja zako. Hoja zisizidi ukurasa mmoja, kila moja ikijibu sababu moja waliyotoa. Kama taarifa imewahi kutajwa hadharani, weka nakala ya pale ilipotajwa. Hiyo inazungumza kuliko aya tatu za kulalamika.

Mkuu naye ana siku 30. Usiporidhika, una siku 30 nyingine kukata rufaa kwa Waziri mwenye dhamana, na sheria inasema uamuzi wake ni wa mwisho. Mlango unaobaki ni Mahakama Kuu kwa mapitio ya kimahakama, ambayo yana ukomo wa miezi sita na ni magumu bila wakili. Msaidizi wa kisheria wa wilaya yako anaweza kukusaidia kupanga jalada kabla hujafika kwa wakili. Unaweza pia kulalamika Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo ina mamlaka ya kuingia magerezani na kuuliza.

## Hatua ya 9: Kama unachotafuta kina zaidi ya miaka 30

Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002 inafungua kumbukumbu za serikali baada ya miaka 30, isipokuwa zile zilizowekewa muda mrefu zaidi. Fanya hesabu: adhabu za mwisho zilitekelezwa katikati ya miaka ya 1990. Jalada lililofungwa 1995 limetimiza miaka 30 mwaka 2025. Yaani kumbukumbu za watu wa mwisho kunyongwa nchini ndiyo kwanza zinavuka mstari huo sasa.

Kwa Iringa kuna kesi inayofaa kujifunzia. Said Mwamwindi, mkulima wa Ismani, alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dkt. Wilbert Klerruu, siku ya Krismasi 1971, akahukumiwa kunyongwa na akanyongwa. Hukumu yake ya 1972 imechapwa kwenye ripoti za sheria, na maktaba ya chuo chochote chenye kitivo cha sheria inaweza kukusaidia kuipata. Ripoti ya jaji kwa Rais, hati ya kifo na rejista ya gereza ni karatasi nyingine kabisa, na zimepita miaka 50.

Andika kwa Mkurugenzi, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ukitaja taasisi iliyozalisha jalada na miaka yake. Huenda ukajibiwa halijahamishiwa kwao. Hapo rudi kwa taasisi yenyewe uulize mambo mawili tu: jalada lipo, na kama liliharibiwa, liliharibiwa lini na kwa idhini ya nani. Jibu la maandishi kwamba jalada halipo nalo ni kumbukumbu. Litunze.

## Hatua ya 10: Kabla hujatangaza ulichopata

Kupotosha taarifa uliyopewa kwa sheria hii ni kosa la jela. Nukuu takwimu kama zilivyo, na uonyeshe barua, tarehe na namba ya jalada. Usijumlishe miaka ambayo hukupewa. Kama jibu linasema "waliohukumiwa", usiandike "wanaosubiri kunyongwa", kwa sababu baadhi yao rufaa bado zinaendelea na huenda wakaachiwa.

Ukiwa na jina la mtu, zitafute familia zote mbili kabla ya kuchapisha: ya aliyehukumiwa na ya aliyeuawa. Nenda na nakala ya hukumu, waache waisome au wasomewe, wakueleze palipokosewa. Pale ambapo upande mmoja umekataa au hapatikani mtu, tumia namba ya kesi badala ya jina, na usitaje kijiji.